Mbona Horn wa Gabon anasema Kiswahili?

Kipindi kilichopita tuliitaja Trader Horn juu juu tu, na wengine mkauliza: kwani filamu ya Hollywood ya mwaka 1931 inatuhusu nini sisi wa Al-Baghdadiyah, tunaosema Kiarabu barabarani na Kiswahili jikoni kwa bibi? Inatuhusu, tena sana.

Mwongozaji wake alikuwa W. S. Van Dyke, mzaliwa wa San Diego, mwaka 1889. Jukwaani alipanda akiwa bado mtoto, maana mama yake alikuwa mwigizaji. Mwaka 1916 alikuwa mmoja wa wasaidizi wa D. W. Griffith kwenye Intolerance. Baadaye akatengeneza filamu za macowboy, za bei rahisi, moja baada ya nyingine. Sifa yake ilikuwa haraka: anapiga onyesho mara moja, basi, twende lingine.

Mwaka 1929 studio ya MGM ikamtuma Afrika Mashariki. Sasa angalia kituko. Alfred Aloysius Horn, yule mfanyabiashara ambaye kitabu chake ndicho kilichozaa filamu, alizunguka upande wa pili kabisa wa bara, huko Gabon, kwenye mto Ogowe. Kamera za Van Dyke zikaenda Kenya, Tanganyika, Uganda mpaka Kongo. Maporomoko ya Murchison yakageuzwa mandhari ya hadithi ya Gabon. Na Horn wa sinema, yaani Harry Carey, akawa anamsemesha mbeba bunduki wake Kiswahili!

Huyo mbeba bunduki, Renchero, aliigizwa na Mutia Omoolu kutoka Kenya. Mutia ni jina la Kikamba, utalisikia hadi leo. Kazi ya Afrika ilipokwisha kukabaki maonyesho ya kumalizia, studio ikamvusha bahari mpaka California. Kwangu mimi yeye ndiye mtu wa kweli kwenye filamu ile. Waafrika wengine karibu wote ni umati: wanacheza ngoma, wanapiga kelele, wanamwabudu msichana wa Kizungu. Hiyo sehemu inachosha, siwadanganyi. Hata hivyo filamu ilipendekezwa kwa Oscar ya filamu bora.

Aliyecheza msichana huyo, Edwina Booth, alirudi Marekani mgonjwa, akaishtaki studio, na kazi yake ya sinema ikafifia.

Van Dyke hakupoteza kitu. Picha zilizobaki za safari ile zikaingizwa kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932, aliyoiongoza yeye mwenyewe huku Johnny Weissmuller akiruka ruka California. Kwa hiyo ule "msitu wa Tarzan" uliotufanya tuchekwe darasani, ati ndiko kwetu, ulishonwa kwa vipande vya Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye akapiga The Thin Man kwa muda usiofika wiki tatu, akapendekezwa kwa Oscar ya mwongozaji. Alifariki 1943.

Ukiipata Trader Horn, usiitazame peke yako. Ukae na mtu mzima wa nyumbani, na Mutia akianza kusema, ongeza sauti. Bibi yangu hakuhitaji tafsiri, na Kiswahili cha Horn kilimchekesha mpaka akaomba tukirudie.