Waya Mnyoofu na Iritungu: Amplifaya za Kiingereza na Uaminifu wa Mhakiki

Makala haya yanahusu amplifaya, lakini ndugu msomaji usiyaweke kando ukidhani yalikuwa yanakwenda kwenye jarida la mafundi redio yakapotea njia. Yanahusu pia fasihi simulizi, na yalianzia matangani, kijijini kwetu Mbalibali, wilayani Serengeti.

Mzee aliyefariki alikuwa mpigaji wa iritungu, kile chombo cha Wakurya chenye nyuzi nane na sauti nzito ya kunguruma. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemrekodi kwa simu kwa ajili ya zoezi la fasihi simulizi. Vijana wakaiomba ile rekodi, wakaiunganisha na spika kubwa za kukodi, besi wakaifungulia mpaka mwisho. Mabati yakatetemeka. Tukaona tumemuenzi mzee wetu. Bibi, mjane wake, alisikiliza kidogo kisha akaniita pembeni: "Mura, mbona huyu si yeye?"

Neno lile lilinichoma kuliko alivyodhani. Katika daftari langu la zoezi nilikuwa nimefanya yale yale waliyofanya vijana na spika zao. Nilifuta kikohozi cha mzee. Nilifuta marudio niliyoyaona mengi mno. Nilifuta mahali alipokatiza wimbo akamkaripia mtoto aliyekuwa anachezea mbuzi. Mistari nikaipunguza hapa na kuiongeza pale ili ikae kimizani. Nikapata alama nzuri, eti kazi safi! Je, mkusanyaji wa fasihi simulizi ana haki ya kuongeza besi?

Miezi michache baadaye nilikuwa Musoma kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyesoma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alirudi na amplifaya ndogo ya kijivu, NAD 3020, na bado anaitumia. Inachomekwa ukutani moja kwa moja kwa plagi ya miguu mitatu ya mraba, maana mfumo wetu wa plagi tumeurithi kwa Waingereza hao hao. Tuliunganisha simu yangu tukasikiliza rekodi ile ile. Nikasikia kucha zikikwaruza nyuzi. Nikamsikia mzee akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikamwuliza mwalimu amefanya nini. Akasema, "Vitufe vya besi na trebo viko katikati. Sijavigusa."

Nilitaka kujua wazo hili la kutogusa limetoka wapi. Tukirejea historia, mwaka 1945, vita vilipokuwa vinamalizika, Harold Leak wa London alitoa amplifaya aliyoiita Point One. Jina hilo lilitokana na kipimo: sauti inayotoka ilipishana na inayoingia kwa asilimia 0.1, yaani sehemu moja tu katika 1,000. Mwaka 1947 mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya vali ambayo msomaji yeyote mwenye mikono angeweza kujitengenezea nyumbani. Huko Huntingdon, Peter Walker alitoa Quad II mwaka 1953, kisha mwaka 1967 akatoa Quad 303 ya transista. Kwa watu wa kundi hili amplifaya bora ni ile inayofanana na waya mnyoofu: sauti iingie ndogo itoke kubwa, isibadilike lolote jingine.

Wimbi la pili lilikuja miaka ya 1970. Mwaka 1976 kampuni iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, A&R, ilitoa A60. Wanafunzi wenzetu hao! Mwaka 1978 ikaja NAD 3020, iliyobuniwa na Erik Edvardsen, Mnorwe, kwa ajili ya kampuni yenye makao London, ikaundwa Taiwan. Kwenye karatasi ilikuwa na wati 20 tu kwa kila upande, wakati makampuni makubwa ya Japani yalikuwa yanashindana kwa wingi wa wati, taa na swichi. Mwaka 1983 Julian Vereker wa Naim, mjini Salisbury, akaenda mbali zaidi: NAIT yake ilikuwa na cha kupandishia sauti, cha kusawazisha kushoto na kulia, na vya kuchagulia chanzo. Besi na trebo hakuna. Anayetaka besi zaidi akatafute rekodi yenye besi zaidi.

Kwa nini walipenda uchache? Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Kila kitufe kina njia yake ndani ya chombo, na kila njia ambayo sauti inapitia huiachia vumbi kidogo. Punguza njia, utapunguza vumbi. Sababu ya pili ni ya kiuchumi, nasi tuliofundishwa kutazama kazi ya sanaa ndani ya mazingira yake hatuwezi kuiruka. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa nchi ya mgawo, na nyumba nyingi zilikuwa ndogo, zilizogusana kuta. Baadaye makampuni madogo hayakuwa na mtaji wa kushindana na Japani kwa taa na mapambo. Fedha kidogo waliyokuwa nayo wakaitia kwenye transfoma na mahali sauti inapopita. Sanduku la nje wakaliacha liwe bati tupu. Kwa hiyo unyenyekevu ule tusiusifu kama utakatifu. Ulianza kwa uhaba, halafu uhaba ukageuzwa kuwa maadili. Na msikilizaji wake alikuwa mtu wa tabaka fulani, mwenye kiti chake, chumba chake na jioni tulivu. Mbalibali muziki hausikilizwi hivyo. Unachezwa.

Hapo ndipo vijana wa matangani wana hoja, na nisiwaonee. Bila besi ngoma haichezeki. Waingereza wenyewe walilijua hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Jennings kule Dartford ilitoa amplifaya za gitaa za Vox, AC15 na baadaye AC30, ambazo zilipendwa hasa kwa sababu zinaitia sauti rangi yake. Amplifaya ya gitaa ni sehemu ya ala, ni mali ya msanii. Amplifaya ya kusikilizia rekodi iko upande wa pili, kwa mpokeaji. Nchi moja, mafundi wa zama moja, kanuni mbili zinazopingana, na zote mbili ni sahihi mahali pake.

Naomba tuuhamishie mfano huu kwenye uhakiki. Fanani ni mpiga gitaa: ana ruhusa ya kuongeza, kupunguza, kupinda. Mzee wetu hakuimba wimbo mmoja mara mbili kwa namna moja, na hakuna aliyemlaumu. Lakini mkusanyaji, mhariri na mhakiki wako upande wa pili. Makosa yangu hayakuwa kwamba nilipenda mizani. Nilishika vitufe vya fanani huku nikijiita mkusanyaji, na jina lililobaki juu ya daftari lilikuwa la mzee.

Wapo watakaouliza: kwani kuna waya mtupu hapa duniani? Hakuna. NAD 3020 yenyewe ina vitufe vya besi na trebo, na nyuma yake ina swichi ya kulainisha sauti inapozidi uwezo. Amplifaya za Naim na za Quad hazisikiki sawa, ingawa zote zinadai uaminifu. Kuandika tu wimbo wa Kikurya kwa herufi tayari ni kuuchuja. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mtu anayejua kuwa anachuja, akapunguza na kutuambia, na mtu anayefungulia mpaka mwisho kisha akatuapia kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa.

Jambo hili si la daftari langu peke yake. Sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya HMV, imetufikia ndani ya mikwaruzo ya santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, lakini sauti yenyewe iko ndani ya mikwaruzo ile. Redio iliyoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania, ilijaza kanda kwa kanda za bendi na ngoma za makabila. Leo zana za kusafisha sauti ziko kwenye simu ya kila mtu. Ukifuta mkwaruzo bila uangalifu unafuta na herufi iliyojificha ndani yake. Mimi nilifuta kikohozi, kumbe kikohozi kile ndicho kilichokuwa kinatenganisha beti.

Basi nimeirudia kazi. Nimenukuu upya kila kitu, marudio, kikohozi, mtoto na mbuzi wake, na maoni yangu nimeyaweka pembeni, yakitiwa jina langu. Mistari haikai kimizani. Nilipokwenda likizo nilimchezea bibi ile rekodi kwa spika ndogo, bila kugusa kitu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipofika mahali mzee anapomkaripia mtoto, bibi akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Ehe," akasema. "Huyo sasa."