Mwalimu wa Kwaya Si Bülow: Urithi wa Muziki wa Kijerumani Rungwe

Wamisionari wa Kimoraviani kutoka Herrnhut, Ujerumani, walipoanzisha kituo chao Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, Hans von Bülow alikuwa bado anaongoza Berliner Philharmoniker. Maisha yake ya kazi yamekuwa kielelezo cha mwongozaji wa okestra wa Kijerumani. Alijifunza piano kwa Liszt. Munich, mwaka 1865, aliongoza onyesho la kwanza la Tristan und Isolde ya Wagner. Kuanzia 1880 aliinoa okestra ya Meiningen, ambayo wapigaji wake walizoezwa kupiga wakiwa wamesimama, bila kutazama nota. Na mwaka 1887 akaingia Berlin. Alitunga pia, lakini jina lake lilikuzwa na kazi za wengine. Alifariki Cairo mwaka 1894.

Ni rahisi kumtazama mwalimu wa kwaya wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kama Bülow aliyekosa okestra. Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kimekosewa tangu mwanzo. Mwalimu wa kwaya hutunga maneno na tuni, hufundisha sauti ya kwanza hadi ya nne kwa masikio au kwa solfa (ya Curwen, Mwingereza, si ya Kijerumani hata kidogo), hutoa sauti, huongoza, na usharika humtazamia wimbo mpya. Wengi wao riziki yao hutoka kwenye chai, ndizi au chaki. Mwenzake Ujerumani ni Johann Sebastian Bach, kantori wa Mtakatifu Thomas, Leipzig, kuanzia 1723 hadi 1750, aliyetunga kwa ajili ya ibada, akafundisha wavulana wa shule, na kugombana na baraza la mji. Bülow ni mtu wa karne ya 19, kazi hiyo moja ilipokwisha kugawanywa: huyu atunge, yule aongoze, na wa tatu akae kimya baada ya kulipa kiingilio.

Tena, Ujerumani iliyofika Rungwe haikuwa ile ya majumba ya tamasha. Herrnhut ilikuwa na kwaya ya tromboni tangu karne ya 18, iliyopigwa na waumini wa kawaida kutangaza kifo na kuwaita watu makaburini alfajiri ya Pasaka. Katika Unyakyusa, ilipo Rungwe, sauti hiyo ilikuta msiba wenye muziki wake. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, ameeleza mazishi ya ngoma, vijana wakicheza na mikuki. Kanisa liliwakataza waumini ngoma hiyo. Tarumbeta ikaruhusiwa kaburini.

Si wamisionari wote waliotosheka na ubadilishanaji huo. Traugott Bachmann, huko Mbozi, aliona kwamba Wanyiha wamwimbie Mungu kwa tuni zao. Mwaka 1928 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel wa Berlin alishikilia kuwa muziki wa Kiafrika na wa Kizungu umejengwa juu ya misingi tofauti, hauwezi kuchanganywa. Naye Mmoraviani Franz Rietzsch alikuja kusini-magharibi mwa Tanganyika akiwa na mawazo ya harakati za vijana za Ujerumani zilizothamini uimbaji wa pamoja kuliko tamasha. Alisikia katika nyimbo za Waafrika mwangwi wa Ulaya ya Zama za Kati. Hilo lina kasoro yake, kwani linamgeuza Mnyakyusa wa 1935 kuwa babu wa Mjerumani. Hata hivyo, watu wa aina hii hawakuwa na haja ya kumleta Bülow.

Kufananisha na Bach kuna mwiba. Mwaka 1730 Bach alimwandikia rafiki yake Erdmann akilalamika kwamba hewa ikiwa nzuri Leipzig, watu hawafi, na ada za mazishi humpungukia. Mwaka uliotangulia alipoteza zaidi ya thaler 100. Rungwe kwaya huimba msibani bila ada, na aliyeifundisha harudi nyumbani na chochote. Leipzig ilikuwa na cheo, nyumba na mshahara, na Bach alipofariki akateuliwa mwingine. Ualimu wa kwaya wetu hutegemea mtu mwenyewe, kiasi kwamba akihamishiwa kazi Mbeya au Dar es Salaam nyimbo ambazo hazikuandikwa hubaki kwa waimbaji wanaozikumbuka. Dayosisi ya Konde ya Kilutheri na Jimbo la Kusini la Moraviani zinaweza kuajiri kantori kabla ya kuwaza okestra.