Waliobatizwa na Waliosahaulika

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na daftari. Kila Jumapili kasisi aandike humo ndoa, ubatizo na mazishi ya wiki iliyopita, kisha daftari lifungiwe sandukuni. Sanduku liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja akae nao kasisi, mwingine wazee wa kanisa. Watu walinong'onezana kwamba hiyo ni hila ya kuwatoza kodi mpya. Kuhesabu idadi ya watu halikuwa lengo.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa demografia, napenda kukumbuka kwamba mmoja wa waasisi wa fani yetu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 1662 John Graunt wa London alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo na ubatizo zilizokusanywa na makarani wa parokia. Alikuwa amesikia watu wakisema jijini mna mamilioni. Yeye akakadiria watu 384,000. Akaonyesha pia kwamba wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana.

Sensa ya kwanza ilifanyika 1801. Mwaka 1981 E. A. Wrigley na R. S. Schofield walitumia madaftari ya parokia 404 kukadiria idadi ya watu hadi nyuma mwaka 1541. Waligundua kwamba ongezeko la karne ya 18 lilitokana zaidi na watu kuoa na kuolewa mapema kuliko na kupungua kwa vifo.

Lakini daftari liliandika ubatizo, si kuzaliwa. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa mara nyingi hakuandikwa. Wabaptisti hawakubatiza wachanga. Waquaker hawakubatiza kabisa. Ilibidi watafiti wawakadirie na kuwaongeza. Kwa hiyo ndani ya namba tunazonukuu wamo watu ambao jina lao halikuandikwa popote.

Jambo hili haliko mbali nasi. Hapa Tanzania cheti cha ubatizo bado humsaidia asiye na cheti cha kuzaliwa kuthibitisha umri wake. Ndiyo maana kila nikipewa jedwali la zamani, kabla ya kujumlisha chochote, nauliza nani alishika kalamu, na nani hakuwa na sababu ya kwenda kwake.