Lebo Mpya, Redio ya Zamani: Tusidanganyane

Wadau, redio za zamani zimerudi kuwa fasheni. Kasha la mbao, kitambaa mbele ya spika, kioo chenye majina ya miji ya mbali. Mtu akiipata anaipiga rangi, anaiweka sebuleni, anapiga picha. Poa. Lakini wengi wanaangalia mbele tu. Mimi nakwambia igeuze, kwa sababu historia yake iko nyuma.

Huko nyuma, au ndani ya kasha, hubandikwa karatasi. Ina namba ya modeli, kiasi cha umeme, na mchoro unaoonyesha kila vali inakaa wapi. Vali ni zile balbu za glasi zilizofanya kazi kabla ya transista. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo, redio za spika zilikuwa za vali.

Sasa fikiria Gazi au Msambweni ya miaka ya 1950. Sauti ya Mvita inatangaza kutoka Mombasa, Sauti ya Unguja nayo iko hewani, na vijijini umeme hakuna. Redio ya vali isiyotumia stima ilikula betri za aina mbili: kama volti 1.5 za kuwasha nyuzi za vali, na kama volti 90 za kuendesha kazi iliyobaki. Ukikosea waya, zile 90 zikaingia kwenye nyuzi, vali zote zinaungua kwa mpigo. Na hivi vitu havikuwa rahisi. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ilitoa redio iitwayo Saucepan Special, yaani ya umbo la sufuria, kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hiyo ndiyo ilihesabiwa kuwa ya bei nafuu, na bado ilikuwa pauni 5, betri unanunua kando. Kwa hivyo lebo haikuwa pambo. Ilikuwa inalinda pesa za watu.

Tatizo ni kwamba karatasi haidumu. Karatasi ya bei ya chini ina mabaki ya mti ambayo hugeuka kahawia yakikutana na mwanga na hewa. Ongeza joto la vali. Ongeza unyevu na chumvi ya Pwani yetu, mende na mchwa. Ukifungua redio leo unakuta vumbi na herufi tatu. Ndiyo maana mafundi wanaorekebisha vitu hivi duniani kote hutengeneza nakala.

Kazi yenyewe haihitaji maajabu. Kwanza piga picha au skani lebo kabla hujaigusa. Chora upya herufi zilizofutika kwenye kompyuta. Tumia printa ya leza, maana wino wa printa nyingi za kawaida hutiririka ukilowa. Kisha ichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa, uianike kivulini. Inatoka na rangi ya miaka 60. Ibandike kwa gundi ya unga wa ngano, ambayo ukiilowesha inabanduka bila kuchana mbao. Paka nyembamba tu, maana mende nao wanaipenda.

Hapo kwenye chai ndipo watu wanapogombana. Kuna wanaosema kuizeesha karatasi ni uongo. Mimi sikubaliani. Lebo nyeupe pee ndani ya kasha la zamani inachoma macho. Uongo unaanza unapomuuzia mtalii Diani redio iliyounganishwa kwa vipande vya redio nne, halafu unambandikia lebo ya chai umwambie ni ya asili kabisa. Dawa yake ni ndogo: nyuma ya nakala andika kwa penseli kwamba ni nakala, na mwaka uliotengeneza. Lebo ya zamani, hata ikibaki kipande, itie kwenye bahasha uiache ndani ya kasha.

Halafu usizeeshe mpaka namba zisisomeke. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo mwaka 1970. Zile televisheni za kioo kinene zinahitaji zaidi ya volti 10,000 kuwasha picha. Onyo la nyuma likifichwa na madoa ya chai, kuna mtu atatia mkono.

Na jambo ninalolipigania zaidi ni hili. Lebo ya kiwandani ikipotea, kuna uwezekano nakala yake iko kwenye intaneti, kwa sababu zilichapwa kwa maelfu. Lakini ndani ya makasha mengine kuna mwandiko wa fundi wetu: tarehe aliyobadilisha vali, jina la mwenye redio, labda stika ya duka. Hiyo haina nakala popote. Ukibandika lebo mpya juu yake umefuta Kwale ukaweka Uholanzi au Uingereza.

Kwa hivyo kama nyumbani kwenu Ukunda, Kinango ama Vanga kuna redio imelala juu ya kabati, ichomoe kwenye stima, mwombe babu au nyanya ruhusa, ufungue kifuniko upige picha kila karatasi na kila mwandiko. Muulize fundi alikuwa nani, uandike atakachosema. Mambo ya chai yatakuja baadaye.