Mtufaha, Mkasi na Subira

Kwenye ua wetu hapa Petite Barrière tulipanda mche wa mtufaha. Kwa miaka mitatu tuliuonea huruma, hatukukata hata tawi moja. Ukarefuka kama mlingoti, matawi yakasongamana, na tunda halikuonekana. Tukajiuliza: waliotutangulia walifanyaje?

Jibu la kwanza liko Andalusi. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, yaani Sevilla ya leo nchini Hispania, aliandika Kitab al-Filaha. Humo alieleza miti ya matunda zaidi ya 50 na namna ya kuipogoa. Hakutosheka na vitabu vya wenzake. Aliyoyasoma aliyajaribu shambani. Mwaka 1802 kitabu hicho kilichapishwa Madrid kwa Kiarabu na Kihispania.

Lakini Sevilla ina majira ya baridi, na mtufaha ni mti wa baridi. Hupukutisha majani, hulala, kisha macho yake huamka na kutoa maua. Kwetu baridi ya namna hiyo hakuna. Basi historia inatupeleka Batu, kisiwani Java, Indonesia: nchi ya Waislamu, milima ya volkano, na karibu na ikweta kama sisi. Waholanzi walipeleka matufaha huko miaka ya 1930. Wakulima wa Batu, wakishavuna, huyaondoa majani yote kwa mkono na kuyainamisha matawi. Mti huchanua upya bila kungoja baridi, nao wakaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Nasi tukashika mkasi. Tulikata ncha ya shina, tukaacha matawi manne ya chini yanayoelekea pande mbalimbali, tukayafungia mawe ya volkano kwa kamba ili yainame. Watoto walilia, wakisema tumeua mti. Baada ya wiki chache machipukizi yakatokeza. Tunda bado hatujaliona, tunangoja.

Wazazi wenzetu, tungekata mwaka wa kwanza, kidonda kingekuwa kidogo na kingepona upesi. Huruma yetu ndiyo iliyouchelewesha mti. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.