Saa na Siku katika Kompyuta: Mazingatio kutoka Nakawa

Nakawa, upande wa mashariki wa Kampala, ina soko mashuhuri, na ndipo ilipo Taasisi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda. Hapo Kiswahili, Kiganda na Kiingereza hukutana, na kila lugha ina hesabu yake ya wakati. Katika saa, Kiganda na Kiswahili huafikiana: ssaawa emu ya asubuhi ndiyo saa moja yetu, ambayo Mwingereza huiita saa 7:00. Katika siku hutengana. Sisi twahesabu tangu Jumamosi, Waganda tangu Jumatatu. Kwa hiyo Lwakusatu si Jumatatu bali ni Jumatano, ijapokuwa majina yote mawili yamebeba "tatu".

Waundaji wa programu walilikabili jambo hili hatua kwa hatua. Mfumo wa Unix ulihesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, hesabu isiyo na lugha. Mwaka 1988 kanuni ya kimataifa ISO 8601 ikatanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Java ya mwaka 1997 ilimwezesha mtunga programu kutaja lugha na nchi, mashine ikachagua umbo la tarehe. Tangu 2004 shirika la Unicode latunza hazina ya maumbo hayo, na Kiswahili cha Uganda kimo, hali kadhalika Kiganda.

Hata hivyo, alama nne za saa katika hazina hiyo zote huhesabu tangu usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna ihesabuyo tangu macheo. Kompyuta ikiandika "saa 2:00 usiku", yenyewe yakusudia saa nane ya usiku. Msomaji wa Nakawa aelewa saa mbili, mara baada ya chakula. Tofauti ni saa sita, nazo zatosha kumkosesha mtu safari au mtihani.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Ratiba na tiketi za Kiswahili zitazidi. Yafaa basi watunga programu waiache hesabu ya saa iwe hiari ya mtumiaji, mbali na lugha aliyoichagua. Nasi walimu yatupasa tuwaeleze waziwazi jinsi Mswahili ahesabuvyo, kwani mashine haitajua tusilolisema.