Hofu ya Abiria wa Ndege: Habari Iliyoanza Lindi Mwaka 1937

Walimu wa madarasa, tafadhali tundikeni ukutani ramani ya Afrika ya Mashariki, na ubaoni andikeni maneno haya matano: rubani, abiria, injini, mafuta, jaketi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Tutayahitaji yote.

Leo tutasema habari ya hofu. Si hofu ya simba wala ya njaa, bali ya mtu aliyeketi ndani ya ndege, amefungwa mkanda, hana usukani mkononi, na chini yake hapana kitu ila hewa. Katika pwani ya kusini ya Tanzania habari hii ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Itafuteni Lindi katika ramani.

Katika mwaka wa 1937 kampuni ya Uingereza iliyoitwa Imperial Airways ilifungua njia ya ndege za majini kutoka Southampton, Uingereza, mpaka Durban, Afrika ya Kusini. Ndege hizo zilitua juu ya maji na kuruka kutoka juu ya maji, maana tumbo lake lilitengenezwa kama tumbo la mashua. Zilifuata mto Naili mpaka Ziwa Viktoria, zikatua Port Bell na Kisumu; kisha zikateremka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kutoka Lindi zilikwenda kisiwa cha Msumbiji, halafu Beira, na kuendelea mpaka Durban.

Kwa nini Lindi? Kwa sababu ya maji yake. Pale mto Lukuledi unapoingia baharini pana maji ya kina, yaliyokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Ndege iliyotoka Ulaya ilitaka kitu kile kile ambacho nahodha wa jahazi hukitaka, yaani mahali pa kujisitiri upepo. Kilwa nayo ina bandari nzuri sana ya asili, nzuri kuliko nyingi za pwani hii, lakini haikuwekwa kuwa kituo; ndege zilipita tu. Wenye kupanga njia wana mambo yao.

Ndege moja ilikuwa na injini 4, na mabawa yake yalipata meta 35 kutoka ncha moja mpaka nyingine. Ilichukua abiria 24 kwa wingi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi ilikwenda kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Jahazi lililopambana na kusi katika safari hiyo hiyo lingeweza kuhesabu siku.

Sasa fikirini hali ya abiria. Injini zinanguruma, ndege inaanza kukimbia juu ya maji. Maji yanaruka na kufunika madirisha, ndani kunakuwa giza kidogo. Kila wimbi linapiga chini ya tumbo kama nyundo. Mtu asiyezoea angesema ndege inavunjika. Kisha ghafula mapigo yanakoma, maji yanatiririka kutoka vioo, na ghuba inaonekana chini imekuwa ndogo kama sahani.

Abiria aliogopa mapigo yale, lakini rubani aliogopa kitu kingine. Aliogopa maji yaliyotulia kabisa, yanayong'aa kama kioo. Juu ya maji ya namna hiyo jicho haliwezi kupima umbali. Rubani anadhani bado yuko juu, kumbe tumbo la ndege karibu linagusa. Tena maji yaliyotulia hulishika tumbo la ndege lisiachane nayo upesi wakati wa kuruka. Basi siku ile abiria aliyoisifu, bahari shwari na hapana upepo, ndiyo siku ambayo rubani alikaza macho. Jambo hili likumbukeni, maana tutalikuta tena katika habari nyingine.

Kulikuwa na taabu ndogo pia. Ndege za siku hizo hazikushindiliwa hewa ndani, kwa hiyo hazikuweza kwenda juu sana. Zilipita chini, ambako jua la mchana huipasha nchi joto, na hewa ya moto hupanda huku hewa ya baridi ikishuka. Ndege inayopita katikati yake huinuliwa na kuangushwa kama dau linalokata mkondo. Abiria walitapika. Wengine waliumwa masikio. Sababu ya masikio ni hii: ndani ya kichwa kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo. Ndege ikishuka, hewa ya nje inakuwa nzito, inasukuma ngozi ya sikio kwa ndani. Ukimeza mate, mrija unafunguka na maumivu yanapungua. Ndiyo maana abiria walipewa peremende wanyonye, na ndiyo maana mtoto mchanga anyonyeshwe wakati ndege inashuka. Ndege kubwa za leo zinashindiliwa hewa, lakini sikio halijabadilika.

Mwaka wa 1939 njia ile ilipata mikosi. Mwezi wa Machi ndege iliyoitwa Corsair ilikuwa ikitoka Durban kwenda Southampton. Ilipoondoka Port Bell kwenda Juba, chombo cha kuonyesha njia kwa redio kilikuwa kibovu. Rubani akapotea. Mafuta yalipokaribia kwisha alikuwa juu ya Kongo, akatua katika mto mwembamba uitwao Dungu. Jiwe likapasua tumbo la ndege, akaikimbiza mpaka ukingoni isizame. Hapana aliyekufa, na abiria wakatolewa kwa njia ya nchi kavu. Lakini ndege yenyewe ilikaa pale karibu miezi kumi! Ilitengenezwa, ikajaribu kuruka, ikagonga jiwe tena. Mwishowe watu wakajenga boma la kuzuia mto ili maji yajae, ndipo ikaruka mwanzoni mwa Januari 1940. Angalieni lakini lililoiangusha: si dhoruba, bali kosa katika chombo kidogo. Ndege inayopotea haimtikisi abiria. Anaweza kulala usingizi mzuri kabisa.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo ndege nyingine, Challenger, ilivunjika ilipokuwa ikitua katika bandari ya kisiwa cha Msumbiji, kituo kinachofuata ukitoka Lindi kwenda kusini. Watu wawili walikufa.

Vita kuu ya pili ilipofika, njia ya kupita Mediterania ilifungwa katika mwaka wa 1940. Ndege za majini zikaendelea kutoka Durban kupitia pwani yetu mpaka Misri, na kutoka huko mpaka Australia. Baada ya vita viwanja vya nchi kavu vilikuwa vimeenea kila mahali, na zile mashua zenye mabawa zikaachwa.

Mpaka hapo watu wa kawaida wa Lindi na Kilwa walikuwa watazamaji tu ufukoni. Nauli ilikuwa ya maofisa na matajiri. Mambo yalianza kubadilika shirika la East African Airways lilipoanzishwa mwaka 1946. Ndege zake za kwanza ziliitwa Dragon Rapide: mabawa mawili, moja juu ya jingine, mwili wa mbao uliovikwa kitambaa, na nafasi ya abiria wanane hivi. Ulipoanza mpango wa karanga wa Nachingwea, safari za kusini zikaongezeka. Mtu aliyegonga ubavu wa ndege ile kwa kidole akasikia mlio wa mbao, bila shaka alisoma dua mara mbili.

Lakini alipanda. Kwa nini? Tazameni ramani tena, mtafute mto Rufiji. Kwa miaka mingi mto huo ulivukwa kwa kivuko, na masika ilipokuja barabara ya kusini ilikatika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo, mtu wa Lindi mwenye mgonjwa wa kupeleka Dar es Salaam mwezi wa Aprili hakuwa na njia nyingi. Alikuwa na meli kama ipo, na ndege kama ana nauli. Watu wa mijini hupenda kuwacheka watu wanaoogopa ndege. Mimi siwacheki. Mama aliyepanda na hofu yake kwa sababu ya mtoto ni shujaa kuliko mfanya biashara aliyezoea.

Mwezi wa Mei 1955 ndege ya shirika hilo, aina ya Dakota, iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ikagonga mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Hapa tena adui hakutoa sauti, mlima haungurumi.

Sasa tuvuke miaka mpaka 1996, na katika ramani twende mashariki ya pwani yetu, mpaka visiwa vya Komoro. Tarehe 23 Novemba ndege kubwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175. Vijana watatu wakaiteka, wakamwamuru rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani akawaambia mafuta hayatoshi. Wao wakamwonyesha gazeti la mle ndani ya ndege, lililoandikwa kwamba ndege ya namna ile inaweza kuruka kwa muda wa saa 11.

Ndugu wanafunzi, mnaojifunza kusoma, tulieni hapa kidogo. Vijana wale walikuwa wamesoma, na gazeti halikusema uongo. Lakini muda ule ni wa ndege iliyojazwa mafuta mpaka juu. Ile ilitiwa mafuta ya safari ya Nairobi na akiba yake. Wao walilishika neno, maana yake ikawapita.

Rubani alishuka kusini akiifuata pwani ya Afrika, akitumaini kuwa karibu na nchi kavu. Watekaji walipotambua wakamlazimisha ageuke kwenda baharini. Akaelekea Komoro. Mafuta yakaisha, injini moja ikanyamaza, kisha ya pili. Waliopona walikuwa na hofu ambayo haielezeki, na sehemu kubwa ya hofu ile ilikuwa kimya cha injini.

Ndege iliangukia majini karibu na ufuko wa kaskazini wa Ngazija, mbele ya hoteli. Bawa la kushoto liligusa kwanza, mwili ukavunjika. Wenyeji na wageni wa hoteli wakakimbilia na mashua. Watu 50 waliokolewa, 125 wakafa, na miongoni mwao alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Kenya.

Wengi hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamevaa jaketi za kuokolea, na kwa hofu wakazijaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwanyanyua mpaka darini. Mlango ulikuwa chini, na mtu aliyejaa hewa hawezi kupiga mbizi. Mvuvi yeyote wa Kilwa ataelewa mara moja. Agizo lilikuwa limetolewa kwamba jaketi zisijazwe kabla ya kutoka nje. Pia huandikwa katika karatasi ngumu iliyomo mfukoni mwa kiti, pamoja na picha kwa asiyejua kusoma. Karatasi hiyo wasafiri wengi huiona wasiifungue, lakini mtikisiko wa mawingu, ambao mara nyingi kwa mtu aliyefunga mkanda hauna madhara, huwatoa jasho.

Basi ukipanda ndege Lindi, Kilwa Masoko, Mtwara au popote, isome karatasi ile. Mkanda ukae nyongani, usikae tumboni. Hesabu viti kutoka kiti chako mpaka mlangoni, ili hata gizani uvihesabu kwa mkono. Ukisikia kishindo chini ya miguu baada ya kuruka, ni magurudumu yanaingizwa. Ukisikia injini zimepunguza sauti dakika chache baadaye, hazijafa. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ndege imekwisha kupanda.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba katika mvua na upepo, ikaangukia Ziwa Viktoria, karibu na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, pamoja na marubani wote wawili. Waliopona 24 walitolewa kwa msaada wa wavuvi waliofika kwanza na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia.

Sasa darasa lijibu maswali haya. Kwa nini ndege za majini zilisimama Lindi? Ni maji gani yaliyomtisha rubani? Jaketi hujazwa hewa lini? Mwenye mzee nyumbani aliyeziona ndege za East African Airways huko Lindi au Nachingwea amwulize, aandike majibu kwa mistari mitano. Juma lijalo tutasema habari ya reli ya Nachingwea. Kwaherini.